Sultan Hamud: Mji wa sultani, simba na kamera zisizolala

Iwapo umewahi kusafiri kwa barabara kutoka Nairobi kwenda Mombasa, basi bila shaka umepita Sultan Hamud. Nasema umepita, sisemi umefika, maana hayo ni mambo mawili mbalimbali. Wengi wetu huuona mji huu kupitia dirisha la basi: safu ya maduka, malori yaliyoegeshwa ubavuni mwa barabara, moshi wa nyama choma, akina mama wakikimbilia abiria na machungwa yaliyotiwa kwenye nyavu, kisha kufumba na kufumbua umeshauacha nyuma na unaelekea Emali. Leo, msomaji, nakuomba ushuke nami.

Mimi mwenyewe nilishuka kwa sababu ya simu. Dada mkubwa wa mke wangu ana duka la agroveti mjini humo. Anauza mbegu, mbolea, dawa za kupulizia mimea, dawa za kupe na chakula cha kuku na cha ng'ombe. Jioni moja alinipigia simu, na hata salamu hazikwisha vizuri. "Shemeji," akasema, "naibiwa. Nataka zile kamera mtu huona kwa simu. Njoo unisaidie."

Ukikaa Nairobi watu wa nyumbani hudhani wewe ni fundi wa kila kitu. Mimi kazi yangu ni ya kalamu, na hata balbu hubadilishiwa na watoto. Lakini shemeji ni shemeji. Jumamosi alfajiri nilikuwa nimeshika matatu kwenye stendi ya Machakos, begi la nguo mgongoni na boksi la kamera mapajani.

Njia yenyewe waijua. Mlolongo, Athi River, kisha njia panda ya Kyumvi ambapo waendao Machakos mjini hukata kushoto. Baada ya hapo nyika hufunguka. Pale Malili utaona ardhi ya Konza, ule mji wa teknolojia ambao Rais Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013 kwenye ekari 5,000, na ambao leo una kituo cha taifa cha kuhifadhi data. Nilipoutazama nikiwa na boksi langu la kamera mapajani, nilijiona kama mtu abebaye kibatari kando ya kiwanda cha stima. Halafu Salama, halafu milima ya Kilungu ikikusindikiza upande wa kushoto, na upande wa kulia tambarare za Kajiado zisizo na mwisho. Asubuhi isiyo na mawingu, ukibahatika, utauona Mlima Kilimanjaro ukielea kule mbali kama kitambaa cheupe kilichoanikwa.

Na huyo Sultan Hamud ni nani? Swali hili watoto wangu wameniuliza mara nyingi, nami nilikuwa nikiwadanganya kwamba ni mwenye hoteli. La hasha. Ni Sayyid Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Zanzibar tangu 1896 hadi alipofariki 1902. Aliketishwa kwenye kiti cha enzi na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, siku ile meli zao za kivita zilipoupiga mizinga mwambao wa Unguja na kumtimua Khalid bin Barghash. Vita vyenyewe havikumaliza hata saa nzima, na vinahesabiwa kuwa vifupi kuliko vyote duniani. Mwaka uliofuata, 1897, sultani huyo alitia sahihi amri ya kuufutilia mbali utumwa kisheria katika visiwa vyake.

Wakati huo reli ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa. Mafundi na vibarua walipofika maili ya 250, inasimuliwa kwamba sultani alikuja kuwatembelea kambini, na pale alipofika pakachukua jina lake. Kabla ya hapo pakijulikana kwa hesabu tu ya maili. Reli ikasonga mbele, ikafika Nairobi 1899, na Kisumu 1901. Sultani akarudi kwake baharini. Jina likabaki katikati ya nchi ya Wakamba na Wamaasai, mamia ya kilomita kutoka ufuo wa bahari.

Lakini kisa kinachonisisimua zaidi ni cha jirani. Kituo cha reli kinachofuata Sultan Hamud ukirudi Nairobi kinaitwa Kima. Juni 1900, simba mla watu alikuwa akisumbua hapo. Mkuu wa polisi wa reli, Mwingereza kwa jina Charles Ryall, aliamua kumwotea. Gari lake la safari likaegeshwa kwenye reli ya kando. Ndani walikuwa watatu: yeye na Wazungu wawili wenzake, mmoja Mjerumani na mwingine Mwitaliano. Wakakubaliana kukesha kwa zamu, na zamu ya kwanza akaichukua Ryall na bunduki yake. Usingizi ukamwiba. Simba akaingia kupitia mlango wa kuteleza, akamkanyaga yule aliyelala sakafuni bila kumdhuru, akamshika mlinzi mwenyewe na kutoka naye dirishani. Gari hilo lipo hadi leo katika Jumba la Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Wapeleke watoto siku moja, lakini si usiku wa kuamkia mtihani.

Kumbe basi, msomaji, suala la nani akeshe na nani alale ni la zamani sana katika sehemu hizi.

Sultan Hamud ya leo ni mji wa njia panda kwa kila hali. Uko katika Kaunti ya Makueni, lakini ukivuka kidogo tu upande wa kusini magharibi umeingia Kajiado. Ndiyo maana dukani kwa shemeji utamsikia mzee akiuliza bei ya mbegu za mahindi kwa Kikamba, na nyuma yake kijana aliyejitanda shuka nyekundu anataka dawa ya kupe na ya minyoo ya mbuzi. Madereva wa malori hulala hapa. Abiria hula hapa. Reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria 2017 haikuweka kituo cha abiria hapa. Kituo ni Emali. Ile reli ya zamani ndiyo ingali imeukata mji. Mji hauna haraka ya kujionyesha. Ukitaka kuujua, kaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka, agiza muthokoi, na usiangalie saa.

Nilipokaa ndipo nikaambiwa habari kamili.

Kila mwisho wa mwezi shemeji alipohesabu bidhaa, magunia ya chakula cha mifugo yalipungua. Si moja. Saba, nane. Fedha za mauzo zilikuwa sawa, daftari la mikopo lilikuwa sawa, lakini magunia hayakuonekana. Na ghala lilikuwa na mtu mmoja tu aliyelala ndani yake: kijana kutoka pande za Kasikeu, aliyemaliza kidato cha nne, anayefanya kazi hapo huku akiweka akiba ya karo ya chuo. Anamwita shemeji "mwaitu", yaani mama, na shemeji alikuwa amemchukua kama mwanawe. "Ndiyo maana inaniuma," akaniambia kwa sauti ya chini, kijana akiwa hatua tano kutoka kwetu akimpimia mteja mbolea. "Nikimshika nimemshika. Usimwambie kamera ni za nini."

Sikupenda. Lakini nilikuwa mgeni, na mgeni hukalia kigoda alichopewa.

Fundi alifika saa nne, kijana mchangamfu mwenye ngazi na mdomo. Acha nikueleze aliyotufunza, kwa kuwa huenda nawe una kiduka, au mama yako anacho, na vifaa hivi sasa vinauzwa kila kichochoro cha mtaa wa Luthuli.

Kwanza, ukuta wa mabati ni adui. Mawimbi ya intaneti yasiyotumia waya hugonga bati na kurudi yalikotoka. Ghala la shemeji ni la mabati, kwa hiyo rauta, ile inayotumia laini ya simu, ililazimika kuwekwa mlangoni baina ya duka na ghala. Pili, nyingi ya kamera za bei nafuu hushika mawimbi ya gigahezi 2.4 tu, wala si 5. Watu wengi huzirudisha dukani wakidai ni mbovu, kumbe wameziunganisha na mawimbi zisizoyajua. Tatu, usiielekeze kamera mashariki wala magharibi palipo wazi, maana jua likichomoza au likizama utapata picha ya mwanga na vivuli. Nne, usiipandishe juu mno. Kamera iliyo darini kabisa hurekodi vipara na kofia. Mita mbili na nusu hadi tatu zinatosha kuona nyuso, na bado mtu hawezi kuifikia bila ngazi. Maana mwizi akiing'oa kamera, ataondoka pia na kadi ya kumbukumbu iliyomo, pamoja na ushahidi wote.

Hesabu ya kadi nayo usiipuuze. Picha za kiwango cha kawaida hula takriban gigabaiti 10 au 11 kwa siku ikiwa kamera hairekodi kwa kituo. Kadi ya gigabaiti 64 basi hushika kama siku sita, kisha za kale hufutwa na mpya kuandikwa juu yake. Ukiiambia irekodi pale tu kitu kinaposogea, siku huongezeka. Kurekodi kwenye kadi hakuli bando. Kinachokula bando ni wewe uliye mbali kufungua simu kila dakika kutazama duka kama sinema.

Jambo ambalo fundi alilikazia zaidi ni neno la siri. Kamera hutoka kiwandani zikiwa na neno rahisi ambalo kila mtu duniani analijua. Mwaka wa 2016 wahalifu wa mitandao walitumia uzembe huo kuteka maelfu ya kamera na vifaa vya nyumbani katika nchi mbalimbali, wakavigeuza kuwa jeshi la kuangusha mitandao mikubwa ya Marekani. Programu waliyotumia iliitwa Mirai. Wenye kamera hawakujua lolote, waliendelea kutazama milango yao tu. Shemeji alipoulizwa achague neno la siri, akataka kuweka jina la kifungua mimba wake. Fundi akakataa katakata.

Gharama? Tulilipa Sh2,800 kwa kamera ya ndani, Sh8,400 kwa mbili za nje, Sh3,000 kwa kadi tatu, Sh4,500 kwa rauta, Sh2,500 kwa betri ndogo ya kuiwezesha rauta stima inapopotea, na fundi Sh3,000. Jumla Sh24,200. Shemeji alizihesabu noti mara mbili, huku akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyebuni kamera.

Aliyebuni hakuwa mimi, na wala hakuwa mtu wa kampuni kubwa. Watu wengi hawajui kwamba mfumo wa kwanza wa kamera za kulinda nyumba ulibuniwa na muuguzi mwanamke mweusi wa Queens, New York, kwa jina Marie Van Brittan Brown. Kazi yake ilimfanya awe nyumbani saa zisizo za kawaida, mtaa haukuwa salama, na polisi walichelewa kufika. Yeye na mumewe Albert, aliyekuwa fundi wa mitambo ya elektroniki, wakaunda kamera inayochungulia kupitia matundu ya mlango, runinga ya kuona aliye nje, kipaza sauti cha kuzungumza naye na kitufe cha kuita msaada. Waliomba hataza 1966 wakaipata 1969. Nilimsimulia shemeji habari hiyo. Akasema, "Mwanamke akichoka kuogopa hufanya mambo." Kisha akaniuliza kama kamera ya mama huyo ilikuwa na bei kama hii yake.

Tulipofika ghalani ndipo mambo yalipoharibika.

Fundi alikuwa ameshatoboa ubao juu ya mlango wa ndani, na yule kijana ndiye aliyekuwa amemshikia ngazi. Kamera ikawashwa, picha ikatokea kwenye simu ya shemeji: magunia, mizani, na kando yake kitanda cha kijana na nguo zake kwenye msumari. Kijana akaitazama simu ile kwa muda. Halafu akauliza, kwa adabu kabisa na bila kuinua sauti: "Sasa mwaitu, mimi nitavua nguo wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Fundi akajifanya anatafuta bisibisi. Nami nikaona kwamba kijana alikuwa ameelewa kila kitu tangu zamani. Mtu anayeshukiwa hahitaji kuambiwa. Huona namna funguo zinavyohesabiwa.

Nikajitia ujasiri nikamwambia shemeji kando kwamba hata sheria haiko upande wake. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na picha ya mtu ni data yake. Ukiweka kamera mahali pa kazi au pa biashara, watu wanaorekodiwa wanapaswa kuarifiwa kwamba wanarekodiwa na kwa madhumuni gani. Isitoshe, kanuni za usajili za 2021 huwasamehe wafanyabiashara wadogo wengi wasijisajili kwa Kamishna wa Kulinda Data, lakini zimewatoa katika msamaha huo wanaoendesha kamera za usalama. Na kumrekodi mtu mahali anapolala ni kuingilia faragha yake, jambo ambalo Katiba yetu ya 2010 inalikataza katika kifungu cha 31. Shemeji akasikiliza huku amefunga mikono. "Kwa hivyo nimwachie ghala?" akauliza.

Hatimaye ilikuwa ni fundi aliyetoa shauri. Akasema kama kitu kinatoka ghalani, lazima kipitie mlango wa nyuma, maana wa mbele una kamera mbili tayari. Basi akaishusha ile ya ndani, akaifunga nje chini ya ukingo wa bati, ikitazama ua na geti. Kijana akashika ngazi tena. Kisha tukaandika tangazo kwa kalamu nene kwenye kadibodi, Kiswahili juu na Kikamba chini: hapa kuna kamera, zinaona na kusikia, ni kwa ajili ya usalama wa duka. Mteja mmoja Mmaasai alilalamika kwamba lugha yake imesahauliwa. Akaombwa aongeze mwenyewe, akaongeza.

Kulikuwa na mtu mwingine aliyetazama shughuli ile kwa wasiwasi. Ni mzee anayelinda safu nzima ya maduka usiku, mwenye koti la jeshi, tochi, na upinde na mishale yake kama walinzi wa Kikamba wa enzi zile. Kila mwenye duka humchangia kidogo kwa mwezi. Akanivuta kando: "Mwanangu, hicho kidude kitafukuza mwizi au kitampiga picha tu?" Nikamwambia kitampiga picha. Akacheka mpaka akakohoa. Namshukuru shemeji kwa kutomwondoa, ingawa wazo hilo alikuwa nalo. Kamera hukujulisha; haikimbii kuokoa. Nami niliye Nairobi nikiona mtu anavunja kufuli saa tisa usiku, nitafanya nini zaidi ya kumpigia mzee yuleyule?

Niliporudi jijini, simu yangu, ambayo ilikuwa imeunganishwa na mfumo huo pamoja na ya shemeji, haikunipa usingizi kwa siku nne. Tingi! Mbwa. Tingi! Nzige. Tingi! Buibui, ambaye alikuwa amejenga utando mbele ya kioo. Mwanga ambao jicho la binadamu haulioni, unaoiwezesha kamera kuona gizani, huvutia wadudu, na wadudu humvutia buibui. Dawa yake ni kifagio kila Jumamosi, wala si fundi. Mke wangu alitishia kuihamishia simu ile jikoni.

Kisha ikafika alfajiri ya Alhamisi, siku ambayo lori la chakula cha mifugo hufika. Tingi. Nilitazama nusu usingizi: lori linarudi nyuma uani, utingo anashuka, mtu mmoja na mwingine wanapita na magunia mgongoni, kijana wetu yuko mlangoni akipikicha macho. Anatia sahihi karatasi kwenye bega la utingo. Lori linaondoka. Nikalala.

Jioni yake shemeji akanipigia. Alikuwa ametazama kipande kile dukani wakati hakuna wateja, si kwa sababu alishuku lori, bali alitaka kuona kama kijana angebakisha gunia nje. Akahesabu magunia yaliyopita mlangoni. Thelathini na manane. Akatazama karatasi. Arubaini. Akahesabu tena, akapata thelathini na manane. Akamwita mama mboga wa jirani ahesabu bila kumwambia ni za nini. Thelathini na manane. Mara ya nne akamwita kijana mwenyewe, wakahesabu wawili, vidole kwenye kioo cha simu.

"Shemeji," akaniambia, kisha akanyamaza kwa muda mrefu hivi kwamba nilidhani laini imekatika.

Magunia mawili kila Alhamisi. Piga hesabu wewe msomaji. Lori lilifika saa kumi alfajiri, gizani, dereva akipiga honi kwamba amechelewa Emali, na kijana aliyetolewa usingizini akaamini karatasi. Kosa lake lilikuwa hilo, nalo ni kosa. Lakini si wizi.

Usidhani mambo yalinyooka. Shemeji alipowapigia wenye bidhaa, waliomba kuona picha. Walipoiona, wakasema si ya siku hiyo. Na kweli, saa iliyoandikwa pembeni ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, ilhali picha yenyewe ni ya giza totoro. Mbio mbio nikampigia fundi. Akashika kichwa. Kamera hizi nyingi hutoka Uchina zikiwa na saa za huko, ambazo ziko mbele ya zetu kwa saa tano. Alikuwa amerekebisha mbili, lakini ile ya tatu, katika kuihamisha kutoka ghalani hadi nje, akaisahau. Kwa hiyo, msomaji, ukiweka kamera yako, kitu cha kwanza linganisha saa yake na ya redio. Hata ikifika mahakamani, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, hutaka cheti kueleza picha ilirekodiwa na mtambo gani na kwamba mtambo ulikuwa ukifanya kazi sawasawa. Saa iliyokosea ni mlango ambao wakili wa upande wa pili ataingilia akicheka.

Shemeji kwa hasira alitaka kuirusha picha ya utingo kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa mji. Nikamsihi asithubutu. Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza klabu moja ya Nairobi Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja mitandaoni bila idhini yake, na shule moja ikatozwa Sh4.55 milioni kwa picha za watoto. Duka lote la shemeji, pamoja na paka wake, halifiki huko. Akaipeleka kwa wenye bidhaa tu, na nakala moja kituo cha polisi.

Baada ya wiki mbili za kuvutana, wenye bidhaa walikubali kulipia magunia mawili ya Alhamisi hiyo. Ya miezi iliyopita walikataa, maana hakukuwa na picha. Dereva mwingine ndiye huleta mzigo sasa. Yule wa kwanza yuko wapi sijui, na wala haikusemwa kwamba ni yeye aliyeiba. Huenda ni huko mzigo ulikopakiwa. Shemeji anasema fedha zilizopotea zingelipa muhula mzima wa chuo cha kijana. Hesabu hiyo ameifanya yeye mwenyewe, na sikumuuliza ni kwa nini aliifanya.

Je, alimwomba radhi? Nilirudi huko mwezi uliofuata kuona. Hakuna aliyesema neno hilo mbele yangu. Lakini nilikuta ghala limegawanywa kwa mbao, upande mmoja magunia, upande mwingine chumba chenye mlango na komeo la ndani. Na mchana tulipoketi kula muthokoi na nyama, kijana aliitwa mezani, akapakuliwa kabla yangu mimi mgeni. Alikula bila kusema mengi. Bado anamwita mwaitu. Kama anamwita kama zamani, hilo sikuweza kulisikia.

Jioni nilitembea hadi kando ya reli ya zamani. Watoto walikuwa wakisawazisha hatua zao juu ya chuma, mikono wameinyoosha kama mabawa. Mzee mlinzi alikuwa akianza zamu yake. Siku hizi anapopita chini ya kamera humwinulia mkono, kila saa, ili sisi tulio Nairobi tujue yuko macho. Mke wangu, ambaye sasa hatishii tena kuihamishia simu jikoni, humjibu kwa kupunga mkono kitandani, ingawa mzee hawezi kumwona.

Ukiwa safarini, usipitilize. Matatu za Emali zitakushusha papo hapo barabarani, na kama utalala, fika kabla ya giza, kwa kuwa madereva wa malori huwahi vyumba. Ukiamka alfajiri ya Alhamisi na kupita nyuma ya maduka, huenda ukamsikia kijana wetu. Dereva apige honi atakavyo, yeye husimama mlangoni na kuhesabu kwa sauti, kila gunia linapopita. Hata sisi humsikia kwenye simu huku Nairobi kabla watoto hawajaamka kwenda shule: imwe, ili, itatu, inya...